Terminali, sheli na kiini: vitu vitatu tofauti
Umeuliza, ndugu yangu, kama ile skrini nyeusi ya kuandikia amri ndiyo Linux yenyewe. Sivyo. Ile ni terminali, dirisha tu. Ndani yake mna sheli, programu inayopokea amri zako, mara nyingi Bash, iliyotoka mwaka 1989. Linux, yaani kiini, moyo wa mfumo wa kompyuta, ni ya 1991.

Chukua duka la jumla pale Mwembe Tayari, Mombasa, lile la kaunta. Stoo huingii. Unamwambia muuzaji "mchele kilo mbili", naye anakwenda kwa mwenye funguo. Muuzaji ndiye sheli. Mwenye funguo ni kiini: anagawa kumbukumbu, prosesa na diski, na kila programu humpigia hodi yeye. Ukibadilisha muuzaji ukaweka zsh, sheli nyingine, stoo ni ile ile.

Kwenye sheli, anza na amri ya pwd ikuonyeshe uko folda gani, ls uone kilichomo, cd uhame. Folda "Picha" na folda "picha" ni mbili tofauti, herufi kubwa inahesabika.

Ila rm, amri ya kufuta, iogope, haina pipa la taka. Mimi nilitaka rm nakala*, yaani futa mafaili yanayoanza na "nakala", nikaandika rm nakala * na ile nafasi kabla ya nyota; nyota peke yake ni kila faili la folda uliyomo. Picha zote za harusi ya dada yangu zikaenda. Mpaka leo ananinunia.