Aliyeishia Darasa la Saba Anaweza Kuwa Mtaalamu wa Mimea?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni kijana wa Muheza, mkoani Tanga. Niliishia darasa la saba, na kazi yangu ni kuwatembeza wageni katika msitu wa Amani. Miti mingi naijua kwa majina ya Kisambaa niliyofundishwa na babu, ambaye sasa ni mzee sana. Je, mtu kama mimi anaweza kuwa mtaalamu wa mimea?
Msomaji, Muheza

JIBU: Ndugu yetu, anaweza, na mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Makino Tomitaro, aliyezaliwa mwaka 1862 katika mji wa Sakawa, Japani, akaacha shule ya msingi kabla ya kuimaliza, akajifundisha kwa vitabu na kwa kupanda milima ya kwao. Mwaka 1884 Chuo Kikuu cha Tokyo kilimruhusu kutumia vitabu vya chuo na sampuli zake za mimea iliyokaushwa. Mwaka 1889, yeye na Okubo Saburo waliupa mmea mdogo jina la kisayansi, Theligonum japonicum, katika jarida la nchini mwao, kazi ambayo Wajapani walizoea kuwaachia wataalamu wa Ulaya. Baadaye profesa mmoja alimfungia mlango, mali ya wazazi ikaisha, na madeni yakamwandama. Mkewe, Sue, aliyebeba mzigo huo pamoja naye, alifariki mwaka 1928, na Makino akaupa mwanzi mmoja jina la mkewe huyo.

Ninalotaka ulishike zaidi, hata hivyo, ni habari ya sampuli zake. Alikusanya takriban 400,000, akazihifadhi ndani ya magazeti, na nyingi hakuziandikia mahali wala tarehe. Alipofariki mwaka 1957, waliobaki walitumia miaka mingi kuzipanga, wakitafuta tarehe katika shajara zake na katika magazeti yenyewe.

Kwa hiyo nunua daftari leo. Kila mti uandikie jina la Kisambaa, mahali ulipo, tarehe, na rangi ya ua, kwa sababu rangi hufifia ua likikauka. Ila usichume chochote ndani ya hifadhi bila kibali. Kumbuka kwamba ua la Saintpaulia, linalopandwa leo madirishani duniani kote, lilitoka huko kwenu Usambara, na mwaka 1893 likapewa jina la ofisa wa Kijerumani aliyelipeleka Ulaya. Anza na miti ambayo babu yako peke yake ndiye anayeijua kwa jina, nawe ukae naye jioni, daftari likiwa mkononi.