Msituni, diski ya mbali iache kwenye begi

Ukipanda matatu ya Limuru Jumamosi asubuhi na begi limejaa visahani vya plastiki, utaulizwa tu. Mimi huulizwa kama nauza vyombo. Siku hizi najibu kwamba nakwenda kucheza gofu, na aliyeuliza huviangalia viatu vyangu vilivyoganda matope kisha hunyamaza.

Lakini ni gofu kweli, gofu ya diski. Unarusha diski, yaani hicho kisahani, kuelekea kikapu cha minyororo, unaifuata ilipoangukia, unarusha tena kutoka hapo, na mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Sisi tunachezea shamba la shemeji yangu huko Tigoni, kwenye mteremko wa mikaratusi na misonobari unaoshuka hadi mtoni. Vikapu viwili tulitengenezewa na fundi wa jua kali pale Kamukunji, ukingo sentimita 82 kutoka ardhini, kama kanuni zinavyotaka. Vingine ni miti tu iliyofungwa leso. Wala hatuoni haya: kabla Ed Headrick hajabuni kikapu cha minyororo huko Marekani miaka ya 1970, wachezaji walikuwa wakilenga miti na nguzo.

Mwaka wangu wa kwanza uliishia kwenye kiburi. Nilikuwa nimejifunzia uwanja wa wazi hapa Nairobi, ambako diski nyembamba ya kasi ilinifikisha mita 80. Shimo letu la tatu, maana safari ya kila kikapu huitwa shimo, lina mita 65. Nikajiambia hili ni la mirusho miwili, nikarusha kwa nguvu zote. Ko! Mkaratusi, hatua kumi mbele yangu. Diski ikarudi, ikatua kwa ukingo, ikabingirika kama ringi ya mtoto, ikanipita mguuni na kuteremka mpaka kwenye thabai, ile mimea inayowasha, kando ya mto. Nilimaliza shimo hilo kwa mirusho saba, mikono ikiniwasha. Mzee anayelinda shamba aliniuliza kwa upole kama shabaha yetu ni ule mkaratusi, maana ndio tunaoupiga wote.

Kilichonisaidia kwanza ni kubadilisha mahali pa kutazama. Macho yalikuwa yakikimbilia kikapu, nacho kiko nyuma ya miti thelathini. Sasa natafuta pengo la kwanza, lile la upana wa mlango kati ya miti miwili ya karibu, na hilo ndilo ninalolenga, kana kwamba kikapu kimening'inizwa hapo. Diski ikishapita hapo, popote itakapotua nitakuwa na mrusho wa pili wa maana.

Halafu diski yenyewe. Nyingi huwa zimechapwa namba nne juu, na ya kwanza ni mwendo. Yangu ilikuwa 12. Diski kama hiyo isiporushwa kwa kasi inayoitaka, hukata kushoto mapema, kwa sisi tunaorusha kwa mkono wa kulia tukiuvusha kifuani. Na msituni kasi hiyo utaipata wapi, wakati hata hatua tatu za kukimbilia huna? Diski ya kumalizia, ya mwendo 2 au 3, yenye ukingo butu, hunyooka hata ukiirusha taratibu, na ikigonga mti mara nyingi huanguka papo hapo. Huku juu kuna sababu nyingine: Tigoni iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na diski hukata kushoto kwa ukali kuliko ingefanya Mombasa. Ukinunua, chagua inayopinda kirahisi kwenda kulia. Na usichukue ya kijani! Pinki huonekana kwenye majani makavu, na kanuni hukupa dakika tatu tu za kutafuta diski iliyopotea.

Ukirusha kuteremka, diski hukaa hewani muda mrefu na kosa dogo hupata nafasi ya kukua, kwa hiyo punguza nguvu. Ukirusha kupanda, usiinue pua yake, ule ukingo wa mbele, sana, la sivyo itasimama hewani na kukurudia. Kwa vyovyote, jitahidi itue bapa. Ikitua kwa ukingo kwenye mteremko, unajua inakoelekea.

Ukinaswa kichakani, usivunje tawi ili ujifungulie njia, hairuhusiwi. Rusha pembeni, hata mita tano tu, utoke. Hili liliniuma kulizoea, kwa sababu unatumia mrusho mzima bila kusogea mbele. Lakini nilipohesabu kadi zangu za mirusho, niligundua saba na nane zangu karibu zote zilitokana na kujaribu kupenya tundu ambalo hata ndege angelifikiria mara mbili.

Aprili na Mei vaa njumu, udongo ule mwekundu unateleza kama sabuni, na beba taulo la kufutia diski. Julai kuna ukungu, na asubuhi nyingine kikapu cha tano hakionekani kabisa.

Shemeji bado hutoa ile yake ya mwendo 13 kila tukifika shimo la tatu. Jumamosi iliyopita nilimshikia begi akiingia kwenye thabai.