Usimwambie "ni mpango wa Mungu"

Dada, umeuliza umwambie nini shoga yako wa Ngamiani aliyefiwa na mtoto, maana kila ukimsomea mistari anageuza uso. Poleni sana.

Mistari iweke kando kwanza. Rafiki zake Ayubu waliketi naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno (Ayubu 2:13). Hapo walifanya vyema. Balaa lilianza walipofungua midomo kumweleza kwa nini yamempata, na mwishoni Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu aliyelalamika. Kwa hiyo akimlaumu Mungu mbele yako, usimkemee. Zaburi zimejaa vilio vya namna hiyo. Yesu mwenyewe alimlilia Lazaro, ilhali alijua anakwenda kumfufua.

Matanga yakishaanuliwa watu hutawanyika, na hapo ndipo anapokuhitaji. Usiseme "ukihitaji kitu niambie". Hatakuambia, nguvu ya kuomba aitoe wapi? Nenda asubuhi na chupa ya uji, osha vyombo vilivyolala, chana nywele za mdogo wa marehemu kabla hajaenda shule. Mtaje mtoto kwa jina. Wengi hulikwepa, na mama huona kama amesahauliwa. Maombi yawe mafupi, tena akikubali. (Mkesha wa kikundi kizima sebuleni kwake, hapana jamani.)

Akikaa siku nyingi halali wala hali, au akianza kusema anataka kumfuata mwanawe, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali ya Bombo siku hiyo hiyo, na mchungaji awafuate huko huko.