Maswali ya Wafugaji: Matandazo ya Banda Msimu wa Baridi

SWALI: Ndugu mhariri, nafuga kuku 75 wa mayai katika chumba cha mita 3 kwa 5. Juni ilipoanza niliziba madirisha yote kwa viroba. Sasa nikifungua mlango asubuhi harufu inachoma macho, maranda yameshikana kama mkate, na kuku wengine wanakoroma. Niyatoe yote niweke mapya? – Msomaji, Njombe

JIBU: Usiyatoe yote, na usianze na maranda. Anza na viroba.

Kuku mkubwa mwenye manyoya kamili anaimudu baridi ya Njombe. Kinachomuumiza ni unyevu. Kuku 75 wa mayai hunywa lita 15 hadi 19 za maji kwa siku, na sehemu kubwa hurudi bandani kwa kinyesi na pumzi. Ukiziba kila tundu, mvuke hupanda, hukutana na bati la baridi, hugeuka matone na kudondokea maranda. Bakteria wakipata unyevu huo huvunja kinyesi na kutoa amonia, ndiyo inayokuchoma macho. Amonia hudhoofisha vinyweleo vinavyosafisha njia ya hewa ya kuku, na mafua hupata upenyo.

Acha uwazi wa sentimita 20 hadi 30 chini ya paa, pande mbili za banda, usiku na mchana, ukiwa na wavu. Pazia lifungwe chini na livutwe kwenda juu. Wengi hufanya kinyume: huning'iniza kiroba kutoka juu, upepo ukapita chini na kuwapiga kuku, huku hewa chafu ikibaki imefungiwa.

Ndipo ushike koleo. Toa yaliyoshikana tu: kandokando ya vyombo vya maji, chini ya fito za kulalia na karibu na mlango. Yaliyobaki yapindue kwa uma mpaka sakafuni, kisha ongeza makavu hadi kina cha sentimita 10. Kuanzia sakafu tupu, chumba chako kinahitaji magunia 12 au 13 ya debe sita. Kwa kujazia pengo, matatu au manne huenda yakatosha. Chukua maranda ya mbao isiyotiwa dawa, na uyaanike kabla ya kuyaingiza. Yenye ukungu hayafai hata ukipewa bure.

Baada ya hapo geuza mara mbili kwa wiki. Pima kwa mkono: finya konzi moja kisha achia. Yakibaki donge, yana maji mengi. Yakishikana kidogo na kumomonyoka, yako sawa. Yakitimka vumbi, yamekauka kupita kiasi, nalo vumbi huziba pua za kuku. Jioni watupie konzi chache za mahindi yaliyoparazwa juu ya maranda. Watachakura na kukupunguzia kazi ya uma.

Vyombo vya maji viinue ukingo wake ulingane na mgongo wa kuku. Chini ya fito weka ubao wa kukwangua kila asubuhi, maana kinyesi cha usiku kizima huangukia hapo. Harufu ikiisha na bado wanakoroma, mwite ofisa mifugo.

SWALI: Naweza kunyunyizia chokaa au majivu juu ya maranda yaliyolowa? – Msomaji, Mafinga

JIBU: Kuku wakiwa ndani, hapana. Vyote viwili hupunguza tindikali ya maranda, na amonia iliyokuwa imetulia ndani yake hutoka kwa wingi. Chokaa ipakwe sakafuni na ukutani baada ya banda kuondolewa kila kitu, ikauke kabisa kabla kuku hawajarudi. Majivu makavu yaweke kwenye sanduku lao la kuogea vumbi.

SWALI: Vifaranga wangu wanaletwa wiki ijayo na huku Limuru kuna baridi kali. Nitandaze nini? – Msomaji, Limuru

JIBU: Maranda ya chembe kubwa, kina cha sentimita 5 hadi 8. Vumbi la mbao lisitumike, watalila wakidhani ni chakula. Magazeti matupu pia yaache: yanateleza, miguu ya kifaranga ikapanuka na asisimame tena vizuri. Tandaza na uwashe joto saa 24 kabla hawajafika, kwa kuwa saruji baridi hunyonya joto la miguu na matumbo yao. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichozibwa huua vifaranga, na hata wewe unayewaangalia. Uwazi wa juu ubaki palepale.

SWALI: Maranda niliyotoa bandani naweza kuyapeleka moja kwa moja kwenye mboga? – Msomaji, Makambako

JIBU: Bado yataunguza mizizi. Yarundike kimo cha mita 1 au zaidi, yawe na unyevu wa wastani, funika mvua isiyapige, geuza kila baada ya wiki mbili. Kwa baridi ya huko hesabu miezi mitatu, na lundo likae mbali na banda.