Kuuza kiwanja cha Buswelu ili ununue gita la 1964?

Kaka, umeuliza kama ni wazimu kuuza kiwanja chako cha Buswelu ununue gita la umeme la Fender Stratocaster la 1964 kutoka Marekani. Hamu yako naielewa. Shingo iliyolainishwa na viganja vya watu usiowajua, rangi iliyochubuka mahali mkono ulipopita: ukilishika unajiona umeingia kwenye ukoo wa wapigaji. Na hisia hiyo ndiyo unayolipia. Mwaka 2020 gita la kampuni ya Martin alilolipiga Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi ya roki ya Nirvana, liliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 6. Hakuna mbao za bei hiyo.

Hata huo mwaka wa 1964 una kisa. Kampuni ya Fender iliuzwa kwa CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, mwanzoni mwa 1965, na wakusanyaji hulipa zaidi kwa magita ya kabla ya hapo. Walaghai nao wanalijua hilo. Rangi ikiwa imepakwa upya au pikapu (vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) zimebadilishwa, bei huporomoka. Nani hapa Mwanza atakufungulia shingo akuhakikishie tarehe? Na ada za shule zikikubana, utamuuzia nani? Kiwanja, dalali atakupatia mteja.

Mimi nisingeuza. Chukua Stratocaster mpya iliyotengenezwa Meksiko na amplifaya nzuri, maana sauti unayoitamani kwa kiasi kikubwa inatoka kwenye amplifaya. Ukija kupata fedha nyingine bila kugusa ardhi, nunua hilo kuukuu, ila ulipige (kulifungia kabatini ni uchoyo tu), na usiliweke kwenye unyevu.