Vijana wa magitaa, acheni kupiga gundi masika

Wiki hii nimeletewa tena gitaa lililopasuka mgongo. Aliyelitengeneza ni kijana wa hapa hapa Mtwara, na mkono anao: maungio yamekaa sawasawa, msasa umepita mpaka ndani ambako mteja hatii jicho. Nikamuuliza alipiga gundi lini. "Februari, fundi." Februari! Nje kunanyesha, chumvi ya jikoni imelowa koponi, na yeye anabana mataruma, vile vijiti vinavyoimarisha uso na mgongo kwa ndani. Nimeyasema haya kwa mdomo mara nyingi, naona hayakai. Nayaandika sasa, na ninyi mnaoanza mwaka huu someni kabla hamjashika randa.

1. Mbao haikauki kwa kuwa umeshailipia. Mnanunua mkangazi wa shingo Jumatatu, Jumatano mnachonga. Muuza mbao akisema ni kavu, hasemi uongo: ni kavu ya kutengenezea kitanda. Ya gitaa inapasuliwa, inapangwa na vijiti katikati hewa ipite, ncha zinapakwa nta au rangi, inawekwa kivulini na kusahauliwa. Mninga utakuvumilia ukiharakisha kidogo, maana ni mti usiosinyaa sana. Mpingo haukuvumilii. Unakauka polepole mno, na ukiulazimisha unafunguka kuanzia nchani, mara nyingi baada ya wewe kumaliza kuchora mistari ya freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo.

2. Halafu huo mpingo wenyewe. Najua tuko kwao. Kilwa, Liwale na Nachingwea ni miongoni mwa kunakotoka mpingo unaotengenezewa filimbi za Ulaya, klarineti na oboe, na fahari yenu naielewa, ninayo na mimi. Lakini kijana anayeanza akiniambia anataka mgongo na mbavu, yaani kuta za pembeni, za mpingo, namwambia akaupate kwanza ubao mpana usio na ufa wala tundu. Mti wenyewe ni mwembamba, umepinda, na mara nyingi ndani ni pango. Tumieni mpingo kwa ubao wa freti na daraja, pale nyuzi zinapofungwa usoni; hapo hauna mpinzani.

Sauti haianzii mgongoni. Mwaka 1862 fundi Antonio de Torres wa Hispania alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, na uso wa mbao nzuri ya sprusi, mti wa nchi za baridi wa jamii ya paina. Alitaka kuonyesha kwamba uso ndio unaofanya kazi kubwa. Kwa hiyo fedha yako ipeleke kwenye uso. Sprusi na sida za magitaa hazioti kwetu, inabidi kuagiza. Paina ya mashamba ya Sao Hill, Iringa, ni laini na miduara yake ni mipana kwa sababu mti unakua haraka, ila kwa kujifunzia inatosha kabisa. Tafuta kipande ambacho ukikitazama nchani, mistari imesimama wima. Ukipata mistari iliyolala, rudisha, hata kama umempigia magoti muuzaji.

3. Freti zote zipimwe kutoka kwenye nati, kile kipande kinachobeba nyuzi kwenye mwisho wa shingo upande wa kichwa; hata moja isipimwe kutoka kwa jirani yake. Kwa urefu wa nyuzi wa milimita 650, ya kwanza iko 36.5, ya pili 70.9, ya kumi na mbili 325 kamili. Ukipima kwa kuruka kutoka freti hadi freti, kosa la nusu milimita linazaa wenzake, na ukifika ya kumi na mbili huna gitaa, una pambo la ukutani.

4. Hewa. Hapa nitakaa.

Mbao inakunywa unyevu wa hewa na kutanuka upana, si urefu. Uso wa gitaa una nyuzi za mbao yenyewe zinazokwenda kutoka shingoni hadi mkiani, na wewe unaugandisha daraja na mataruma yanayokatiza. Ukipiga gundi mbao ikiwa imevimba, umeifunga katika upana huo. Ikienda mahali pakavu inataka kusinyaa, daraja linaikatalia, na inapasuka. Ndiyo sababu mafundi wa magitaa wanapenda kufanyia kazi kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 50. Sisi pwani masika tunaishi juu ya 70 na tunaona ni kawaida.

Gitaa la kwanza nililowahi kupeleka Dodoma ndilo lililonifundisha, na mpaka leo linaniuma. Mteja alikuwa mwalimu wa kwaya, kijana mpole, alikuwa Masasi akapata uhamisho. Nusu ya kwanza aliilipa kwenye msimu wa korosho. Nilitaka aondoke nalo, kwa hiyo nilipiga gundi Machi, mvua ikigonga bati, na kila kitu kilikaa vizuri ajabu. Uso ulikuwa umejaa kidogo katikati kama inavyotakiwa, sauti nene. Niliringa. Nilijua habari za unyevu, nilikuwa nimezisoma, lakini nilizichukulia kuwa ni shida za nchi zenye baridi.

Julai akanitumia picha. Uso ulikuwa umedidimia, nyuzi zinagonga freti, ncha za freti zimechomoza pembeni mpaka zinamkwaruza kiganja, na nyuma ya daraja kuna ufa ulionyooka hadi mkiani. Akalipakia kwenye basi. Lilipofika huku nililitundika ukutani nikimalizia kazi nyingine, na baada ya wiki kadhaa ufa ulikuwa umejifunga wenyewe. Nikaona nimepata nafuu. Nikapenyeza gundi, nikabana, nikasugua mpaka hata mimi nikawa nautafuta ufa kwa kucha, nikalirudisha.

Likafunguka tena, pembeni kidogo ya pale nilipoziba. Bila shaka lilifunguka: niliziba ufa mbao ikiwa imevimba, kosa lile lile mara ya pili kwenye gitaa lile lile. Ndipo akaniambia, bila kulalamika, kwamba nusu ya pili ya bei hakuilipa yeye. Wanakwaya walichanga, akina mama wengi wao, na Jumapili walikuwa wanaimba gitaa likiwa limelala kwenye mfuko. Sikuwa na la kujibu. Niliomba radhi na nikaomba gitaa.

Safari hiyo nilifanya kinyume. Nililikausha mpaka ufa ukafunguka kufikia mwisho wake, nikachonga utepe mwembamba wa sprusi nikaupachika humo kwa gundi, na kwa ndani, nikiingiza mkono kupitia tundu la sauti, nikaweka viraka vidogo vinavyokatiza ufa. Hilo limekaa.

Sasa fanyeni hivi. Tengeneza sanduku la plaiwudi linaloingia uso, mgongo na mataruma yake. Ndani funga balbu ya zamani ile inayochoma mkono, hizi mpya hazitoi joto la maana, na iwe mbali na mbao. Weka kipima unyevu. Usikiamini kama kilivyotoka dukani: lowesha chumvi iwe kama uji mzito, iweke na kipimo ndani ya kopo linalofunga vizuri, kesho yake kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 68, basi unajua kinadanganya kwa 7 na unaongeza.

Kisha pima uso kwenye mizani ndogo ya jikoni na andika gramu kwa penseli pale pale juu ya mbao, kila asubuhi. Uzito utashuka, utashuka, kisha utasimama. Ukisimama siku kadhaa na kipimo kinasoma kati ya 45 na 50, toa, piga gundi, bana, rudisha sandukuni likauke humo. Likikamilika na kurudi kwenye hewa yetu, uso utavimba kidogo na nyuzi zitapanda. Hilo linarekebishika kwa kupunguza mfupa wa daraja, ule unaokaliwa na nyuzi. Ufa haurekebishiki hivyo. Umeme ukikatika, funika sanduku, usilifungue kuchungulia.

Na mteja muulize anaishi wapi kabla hujamtajia bei. Gitaa la Mikindani na gitaa la Dodoma hayapaswi kutoka mezani bila wewe kujua lipi linakwenda wapi.

5. Mbao iwe na karatasi zake. Mpingo hasa. Dai risiti na kibali cha kusafirisha, vitunze pamoja na michoro yako. Kuna vijiji vya Kilwa, Kikole na Kisangi, ambavyo mwaka 2009 misitu yao ilipata cheti cha FSC, shirika la kimataifa la usimamizi wa misitu, cha kuonyesha mti umevunwa kwa utaratibu na kijiji kimefaidika. Mti huo unachukua miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa. Mtu akikuletea vipande usiku kwa bodaboda, mwache aende navyo.

6. Mpingo una mafuta, futa kwa asetoni dakika chache kabla ya gundi. Na barakoa mvae! Vumbi lake linawasha ngozi na kubana kifua, nimeona fundi mzuri akiacha kazi hii kwa sababu hiyo.

7. Kupinda mbavu: milimita 2, bomba la moto ambalo tone la maji linaruka juu yake, na uvumilivu. Ukisikia mlio, umechelewa.

8. Nyuzi za chuma na za nailoni si suala la ladha ya mteja peke yake. Seti ya chuma, hata nyepesi, inavuta jumla ya zaidi ya kilo 70. Ya nailoni ni kama 40. Mataruma ya upepeo, yaliyotawanyika kama upepeo wa mkono, yaliyotengenezwa kwa nailoni ukiyafungia chuma kwa sababu mteja "anataka sauti kali", daraja litang'oka, na litang'oka na ngozi ya uso. Mteja wa chuma mtengenezee mataruma ya msalaba, yanayokatizana kama herufi X, tangu mwanzo.

Daraja lenyewe likae mbali kidogo kuliko hesabu, kuelekea mkiani. Mara mbili ya 325 ni 650, ongeza milimita 2 au 3, zaidi upande wa besi, kwa sababu uzi ukibonyezwa unavutika na sauti inapanda.

Ukishafunga nyuzi mara ya kwanza, usikimbilie kupiga picha. Kaza nusu, acha usiku kucha, asubuhi kaza mpaka sauti yake, acha tena. Kisha mulika tochi nyuma ya daraja na jaribu kupenyeza karatasi. Ikiingia, legeza nyuzi saa hiyo hiyo, usimimine gundi, niletee.