Giaboksi used: nitajuaje gia zake ndo zenyewe?

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Mie niko Wete, nna Hiace ya abiria, giaboksi yake namba tatu imekufa. Nimepata nyengine used Unguja, Mwanakwerekwe, muuzaji ananambia boliti zikikaa basi ndo hiyo hiyo. Lakini jirani yangu kafunga ya namna hiyo, ikakaa vizuri tu, sasa akipakia magunia ya karafuu mlima haupandi mpaka klachi inanuka. Nifanyeje kabla sijatoa pesa?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Boliti zinakwambia habari za boksi la nje tu, meno ya ndani ni mambo mengine kabisa, giaboksi mbili zinafanana kama pacha na bado namba moja zao zinapishana. Na kwa vilima vyenu vya Pemba namba moja ikiwa ndefu, yaani hesabu yake ndogo na nguvu ya kupandia kidogo, utateseka kila siku, tena kuirudisha Unguja nauli ya meli juu yako.

Anza na hiyo yako mbovu, usiitupe, maana iliyokufa ni tatu tu. Ilaze chini, visha klachi pleti kuukuu kwenye shafti ya mbele upate pa kushika, nyuma piga alama ya chaki kwenye shafti inayotoka na nyengine kwenye boksi mkabala nayo. Ingiza namba moja. Mmoja azungushe pole pole na kuhesabu, mwengine atizame chaki mpaka nyuma itimie mizunguko 10, ikiwa mbele imekwenda 39 basi namba moja yako ni 3.9. Usihesabu mzunguko mmoja, utapoteza robo hapa robo pale na tofauti yenyewe ndo hiyo robo. Namba nne kwenye giaboksi nyingi za gari za kusukuma nyuma ni 10 kwa 10, hiyo haikusaidii kitu, pima moja, mbili na tano. Andika, umtumie mtu wako Unguja aizungushe ile ya dukani vile vile mbele ya muuzaji.

Mwenye gari ya kuvuta mbele ajue difu, ile inayogawa mzunguko kwa tairi mbili, imo humo humo ndani, akizuia shafti ya tairi ya upande mmoja ule wa pili unakwenda mara mbili, kwa hivyo 20 ahesabu 10.

Na kabla mtu wako wa Unguja hajalipa mwambie afungue nati ya oili, unga mwembamba ulioganda kwenye sumaku si kitu, vipande vya chuma aiwache.